Kiraka Cheupe Nyuma ya Mlango

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kwa Chiriku wangu,

Pokea salamu za baba yako kabla ya neno lolote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekuacha, na huko kazini hawakuchoshi kupita kiasi. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa kutembea polepole. Miguu ni ileile ya dobi. Miaka yote niliyosimama mbele ya meza ya pasi inanikumbusha kila ninapoinuka kitini, lakini chakula kinapita na usingizi unakuja, ingawa huja umechelewa. Jirani yetu, yule mama fundi cherehani, anakusalimu sana. Kila asubuhi hunigongea mlango kuhakikisha kwamba sijafa, ila yeye husema amekuja kuazima chumvi. Kwa chumvi aliyokwisha kuchukua, nadhani sasa anaweza kufungua duka.

Nyumba iko kama ulivyoiacha, isipokuwa imekuwa kubwa. Vyumba ni vilevile viwili na dirisha ni lilelile, lakini nikikohoa chumbani nasikia kikohozi changu kimefika jikoni kabla yangu. Asubuhi bado mkono unatoa vikombe viwili. Kimoja nakirudisha kabatini. Sikirudishi haraka, nakiacha mezani kidogo, kisije kikajiona kimefukuzwa.

Mwanangu, katika barua yako uliniuliza jambo moja, nawe ukaliweka chini kabisa, baada ya jina lako, kama mtu anayeuliza akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Uliuliza kama mama yako alisema neno lolote juu yako kabla hajafumba macho. Nililiona. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliinuka nikaenda kutazama kama maji yamechemka, na wakati mwingine sikuwa hata nimeyateleka. Leo nitakujibu. Nivumilie tu nianzie mbali, maana jibu lenyewe limepitia kwenye ndege.

Unaikumbuka kazi ya mama yako kuliko mtu yeyote. Ulikulia chini ya ile meza ya dirishani. Ndege za mbao, mifano midogo ya zile za abiria, zilitoka karakana zikiwa kavu na nyeupe kama mifupa, na yeye alizivisha rangi kwa brashi, tayari kwenda kukaa kwenye vioo vya ofisi za tiketi. Wateja walibishana na mwenye karakana kwamba rangi laini vile lazima imepulizwa na mashine. Mwenye karakana alikuwa anawaita waje wamwone, na wakifika wanamkuta mama yako amekaa na brashi yake moja na kopo lake la maziwa ya watoto lenye rangi ndani, anapaka. Hapa nyumbani, alikoleta nyingine kumalizia, sheria ilikuwa moja. Ukiona beseni limefunikwa mezani, chini yake kuna ndege mbichi: hakuna kufagia, hakuna kukung'uta shuka, na kupiga chafya unatoka nje. Siku moja ulitoka nje kupiga chafya ukarudi baada ya saa nzima, kwa sababu njiani ulikutana na watu wa kuongea nao. Ndiyo siku nilipokuita Chiriku.

Sasa nitaje jambo ambalo hatujawahi kulitaja. Sitaki kukuchoma. Wiki ile ya safari yako, mama yako alikuwa ameshaongea na mwenye karakana akupe kiti kando yake. Alidhani akikueleza utabaki. Ukamwambia kwamba hutamaliza ujana wako ukipaka rangi ndege zisizoruka. Aliosha brashi, akaisimamisha kwenye glasi, akaenda kulala. Siku ya safari aliamka mapema, akavaa gauni lake la kazi, akakuwekea chai mezani akaifunika, akaondoka kwenda karakana kama siku yoyote. Uwanjani tulikwenda wawili. Nilikuona ulivyokuwa ukigeuka kila mlango ulipofunguka, na mimi nikajifanya nasoma ubao wa saa za ndege, mtu ambaye sijawahi kupanda hata moja.

Baada ya hapo salamu zake zote zilipitia kwangu. Mwambie avae nguo nzito. Muulize kama anakula. Nilimwambia mara nyingi aandike mwenyewe, akasema mkono wake umezoea brashi, kalamu inamkwaruza. Nami nikaamini, au niliona ni rahisi kuamini. Kisha ugonjwa ukaingia kama mgeni asiyebisha hodi, ukafanya haraka kuliko tulivyodhani. Hukuweza kufika. Njia ni ndefu na ruhusa haikutoka kwa wakati, na hapa hakuna anayekulaumu, mama. Nakuomba nawe usijilaumu kwa niaba yetu.

Wageni walipokwisha kuondoka na viti vya kuazima vikarudishwa kwa wenyewe, nilibaki na beseni. Lilikuwa pale mezani, limefunikwa. Watu wote wale waliokuja kunipa pole, hakuna aliyeligusa, hata yule jirani ambaye mikono yake haitulii. Nililizunguka kwa muda mrefu. Nilijua kilichokuwa chini yake. Miezi kadhaa kabla hajaugua, mama yako alirudi na ndege iliyokataliwa karakana kwa sababu ya fundo la mti karibu na mkia. Nilimuuliza ni ya nani, akasema ni ya mtu. Nikamwambia sikudhani ni ya ng'ombe. Akacheka, lakini hakuongeza neno. Aliifanya polepole mno, siku moja brashi, siku tatu beseni, na mimi sikuuliza tena.

Nilipolifunua nikakuta mkia umeshapakwa buluu, na kiwiliwili kimepata mikono miwili ya rangi nyeupe, yaani kimepakwa mara mbili. Kando yake kulikuwa na makopo mawili madogo ya nyeupe, yamefungwa pamoja kwa mpira. Nikadhani moja ni la akiba. Nikakaa. Nikaiona ile ndege, haina madirisha, haina mistari, kama mtu aliyeitwa wakati anavaa shati. Nikasema moyoni kwamba sitaiacha hivyo. Huyo mtu atakuja kuidai siku moja, na asije akasema mama yako aliacha kazi katikati.

Chiriku, usicheke. Mimi niliyeosha zile brashi miaka yote nilijiona fundi. Nilifungua kopo nikapaka rangi nzito kama siagi kwenye mkate. Nikaona mchirizi, nikarudi kuufuta, ukawa miwili. Nikarudi kwa ile miwili. Ilipokauka, ndege ilikuwa na uso wa mtu aliyelalia mkeka. Ni ugonjwa wa kazi yangu. Nguo ukiona kunyanzi unarudisha pasi, unanyunyiza maji, unarudisha tena mpaka linyooke. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kurudia. Mama yako alikuwa akinitania kwamba mimi nalainisha vitu kwa moto na yeye kwa kuviacha.

Basi nikaanza kukumbuka maneno yake, moja moja, kama mtu anayeokota vifungo chini ya kitanda. Rangi izimuliwe kwa thina, kile kiyeyushi chenye harufu kali, mpaka iteleze kwenye kijiti kama maziwa, si kama uji. Brashi iwe pana na laini, ichovywe ncha tu. Mkono uende upande mmoja, kutoka puani kwenda mkiani, jinsi upepo unavyopita. Ukishapita, umepita. Alikuwa akisema rangi ina akili yake, ukiiacha itajilaza yenyewe, ukirudi kuibembeleza ikiwa mbichi itakununia. Ikauke hasa, ndipo uchukue msasa mwembamba kabisa, uuloweshe kwenye maji yenye sabuni kidogo, usugue taratibu mpaka ukungu wote uondoke, uifute, upake mkono mwingine mwepesi. Na kupima, usitumie macho. Ufumbe macho upitishe kidole cha mkono wa kushoto, ambao haujaharibiwa na kazi.

Nilisugua upumbavu wangu wote nikaanza upya. Siku za mvua sikugusa kitu, maana unyevu huitia rangi ukungu. Siku za jua nilipaka, nikafunika beseni, nikakaa mlangoni kama mlinzi. Nisikufiche, zilikuwa siku nzuri. Nilikuwa na sababu ya kuamka. Jirani alipogonga nilimwambia kwa ishara asiingie na vumbi lake, akaniuliza akiwa mlangoni kama nimeleta mwanamke. Nikamwambia ndiyo, na ni mweupe sana. Alicheka mpaka akasahau chumvi.

Siku moja, nikiwa nasugua ubavu wa kushoto, nikaona kasoro. Nyuma kidogo ya mlango wa mbele palikuwa na doa la mraba, si kubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo, jeupe kuliko weupe ulioizunguka. Nikipitisha kidole nilisikia ukingo wake, mwembamba kama uzi. Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Nilijiambia kwamba macho yalikuwa yameanza kumdanganya, akachovya kwenye kopo lisilo lake na asijue. Chiriku, niliona haya kwa niaba yake. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kuacha hata unywele mmoja kwenye rangi! Nikasema hakuna mtu atakayeliona hili. Nikasugua mpaka maji ya bakuli yakawa meupe, nikayamwaga uani, nikapaka juu yake mkono mmoja na mwingine. Nilipofumba macho nikapitisha kidole, hapakuwa na kitu. Ubavu mzima ulikuwa laini kama sahani. Nilijisifu peke yangu kwa sauti. Nikasema, mke wangu, nimekusitiri.

Alhamisi iliyopita akaja Bwana Gundi. Utamkumbuka, yule anayeunga mabawa kule karakana, aliyeitwa Gundi kwa kazi yake na kwa tabia yake, maana akikaa kwa watu habanduki. Aliniita shemeji kwa sauti yake ileile ya kuamsha mtaa, akaomba chai, akaomba nyingine, akanipa habari za karakana ambazo sikuziomba. Nilipoona anakaribia kumaliza pumzi nikafunua beseni. Nilitaka anisifu, sina cha kuficha.

Akaichukua kwa vidole viwili kama wanavyochukua wao. Akafumba macho, akapitisha kidole. Akasema kwamba laiti asingejua dada, ndivyo amwitavyo mama yako, amelala, angesema dada yuko jikoni. Nilijisikia kama mtoto aliyepewa namba moja. Kisha akaipeleka dirishani, akaigeuza ubavu wa kulia, akaigeuza wa kushoto, akaigeuza tena. Akaniuliza kiraka kiko wapi.

Nikamuuliza kiraka gani. Akasema kiraka cha dada, nyuma ya mlango. Nikamwambia kwa fahari kwamba palikuwa na kosa pale, nikalisahihisha. Mtu yule haachi chai kikombeni, wewe unamjua. Aliiweka ndege mezani, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaiacha chai ikapoa.

Hivi ndivyo alivyonieleza, nami nakuandikia bila kuongeza. Siku ya safari yako, mama yako alifika karakana asubuhi, akakaa, akachovya brashi, akaiweka chini bila kupaka. Akamwambia msimamizi kwamba brashi zimechakaa, anakwenda kununua nyingine. Alirudi jioni wakifunga milango, macho mekundu, viatu vimejaa vumbi, mikononi hana brashi hata moja. Hakuna aliyemuuliza kitu, hata Gundi, na hilo ni jambo la ajabu. Miezi mingi baadaye alipoiomba ile ndege yenye fundo, ndipo akamwambia. Alikuwa amekwenda uwanja wa ndege. Hakuingia ndani tulikokuwa. Alikwenda upande wa nyuma, kwenye uzio wa waya ambako watu husimama kutazama, akasimama huko mpaka mlipopanda. Ndege yenu ilikuwa imewageuzia watazamaji ubavu wa kushoto. Na nyuma ya mlango, mahali mafundi walipoziba na kupaka upya, palikuwa na kiraka cheupe kuliko ndege yote. Mtu mwingine asingekiona. Yeye alikiona kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu wewe ulipofika juu ya ngazi ulisimama kidogo kando ya kiraka hicho, ukageuka kutazama nyuma, kisha ukaingia.

Alimwambia Gundi kwamba ataitengeneza ndege ileile, pamoja na kiraka chake, akupelekee, ili ukikiona ujue kwamba alikuwepo. Gundi akamuuliza kwa nini asikuandikie tu, karatasi ni nyepesi kuliko mbao. Akajibu kwamba mliachana maneno yakiwa mabichi, na yeye akirudi juu yake na neno lingine ataacha mchirizi. Bora yakauke kwanza. Kisha, anasema Gundi, akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema kwamba huyu mtoto alisema ndege zangu haziruki, sasa hii itaruka, nitaitia posta, ipande ndani ya tumbo la mwenzake.

Basi mwanangu, sasa unajua nilichokifanya. Alama moja tu aliyokuachia, nimeisugua kwa msasa mwembamba na maji ya sabuni, nikaimwaga uani, nikajisifu. Gundi aliniambia nisijiue kwa majuto, kwamba mtu yeyote angeona kosa. Lakini mimi si mtu yeyote. Nililala naye kitanda kimoja maisha yote, na sikujua kwamba siku ile, mimi nikiwa ndani ninasoma ubao, yeye alikuwa nje kwenye uzio, jua likimpiga. Tulirudi nyumbani kila mtu na njia yake. Usiku ule aliniuliza kama ulipanda salama. Nikamjibu ndiyo. Akasema haya, tumshukuru Mungu, akanipakulia chakula.

Nilikuahidi jibu. Hakusema neno, mwanangu. Siku zile za mwisho alikuwa mtu wa usingizi, akiamka aliomba maji, na mara moja aliniambia nifunge dirisha vumbi linaingia. Nilikuwa nimekutungia uongo mzuri, kwamba alikutaja mpaka pumzi ya mwisho, na nusura niuandike. Nashukuru nilichelewa. Jina lako hakulitaja. Alikuwa akikupaka rangi, siku moja brashi, siku tatu beseni, na kazi haikuwa imekwisha.

Nilirudia yale makopo mawili. Sasa naelewa kwa nini yalifungwa pamoja. Moja ni nyeupe tupu. La pili ni nyeupe aliyoitia tone la kahawia, weupe uliozeeka juani, ndilo nililolifungua mimi bila kujua, na weupe huo ndio uliofunika ndege yote. Nilijaribu ile tupu kwenye vitako vya sahani, sasa sahani zetu zote zina madoa. Jana asubuhi, jua likiwa zuri, nilizuia pumzi nikapaka kiraka kipya nyuma ya mlango. Nilipita mara moja tu. Pembe moja imekaa vibaya, naiona kutoka hapa nilipo, na mkono wote unawasha kutaka kurudi kuinyoosha. Sijarudi.

Hicho kiraka ni cha mkono wangu, si chake, usije ukadanganyika. Mahali napo nimepakisia, kwa kukumbuka ukubwa wa ukucha. Walioweza kukiona cha kweli ni watu wawili, na mmoja hayupo. Wewe ulisimama kando ya kiraka chenyewe. Nakuomba ukikipata kifurushi hiki utazame vizuri, uniambie kama ni hapo, au kilikuwa chini zaidi, au karibu zaidi na mlango. Kama hukukiona, niambie pia. Madirisha sijayapaka wala sitayapaka, mkono wangu hauwezi vitu vidogo hivyo. Brashi yake nyembamba nimeifunga kando ya bawa, nawe unajua kuishika.

Nimeizungushia ndege lile gauni lake la kazi, lenye madoa ya rangi za miaka yote, isije ikavunjika njiani. Ukilifungua utasikia harufu ya thina, na chini ya thina, yake. Baba yako ni dobi na hajawahi kumwambia mtu maneno haya: usilifue.

Nisalimie wote wanaokutendea wema huko. Kula vizuri. Ukipata nafasi uniandikie, hata ukurasa mmoja, hata wa porojo, maana nyumba hii imekosa mtu wa kuongea. Nami unikumbuke, hasa asubuhi, saa ya kutoa vikombe.

Ni mimi,
Baba yako